Ukingo wa Dari: Neno kwa Sharika juu ya Moto wa Nyumbani

Somo: 5 Mose 22:8



Katika Torati ya Mose mna agizo moja fupi ambalo wengi hulipita upesi wasomapo, kwa kuwa laonekana kuwa neno la mafundi wa kujenga tu, wala si neno la roho. Mungu aliwaagiza Waisraeli ya kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, sharti aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu na hatia ya damu ikaikalia nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari ya sawasawa, si paa la mgongo kama zetu. Watu walipanda huko kupunga upepo, walianika kitani huko, na wakati wa joto walilala huko. Basi dari isiyo na ukingo ilikuwa mtego kwa mgeni na kwa mtoto.

Na tuliangalie agizo hili vizuri. Halingoji mpaka mtu aanguke; lataka ukingo ujengwe kwanza, nyumba ingali mpya. Wala halimwulizi mwenye nyumba kama alitaka mwenzake aumie. Bila shaka hakutaka. Lakini kutotaka hakutoshi. Aliyeijua hatari, akaweza kuizuia, naye asiizuie, hawezi kunawa mikono yake na kusema, "Mimi simo."

Nyumba zetu hazina dari za namna hiyo, lakini zina moto. Hakuna nyumba isiyo na moto: mafiga au jiko la mkaa, koroboi au mshumaa, mtungi wa gesi au waya wa umeme. Moto ni kipawa cha Mungu. Kwa huo twala chakula kilichoiva na kuona njia usiku. Lakini Mtume Yakobo akumbusha jinsi cheche ndogo iwezavyo kuteketeza msitu mkubwa, naye alisema hivyo kwa sababu kila msikilizaji wake alijua ya kuwa ni kweli.

Sisi nasi twajua. Katika mwezi wa Juni mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa usiku bwenini mwao katika shule ya sekondari ya Shauritanga, huko Rombo, nchi ya Kilimanjaro. Mwezi wa Agosti mwaka 2009, wasichana 12 walikufa vivyo hivyo katika shule ya Idodi, mkoa wa Iringa, na moto ule ulihusishwa na mshumaa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100.

Tutajapo habari hizi, na tujihadhari na dhambi mbili zilizo pande mbili za njia.

Dhambi ya kwanza ni kuwahukumu waliokufa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu aliambiwa habari za watu waliouawa, naye mwenyewe akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakataa kabisa ya kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Kwa hiyo mtu asiende matangani na kunong'ona ya kuwa nyumba ile ililaaniwa, au ya kuwa mama yule alikuwa na dhambi ya siri. Aliyefiwa na mtoto kwa moto hahitaji mwamuzi. Ahitaji mtu wa kukaa naye chini.

Dhambi ya pili ni ile isemayo, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha ikarudi nyumbani na kulala palepale, na koroboi ileile karibu na chandarua kilekile. Maneno hayo yana sura ya unyenyekevu, lakini mara nyingi ni pazia la uvivu. Je, ni haki tumwekee Mungu mzigo ambao yeye mwenyewe alituagiza tuuondoe? Kabla ya kusema kaburini, "Bwana ametwaa," ni lazima tujiulize kama ukingo ulikuwapo.

Katika nchi yetu serikali imeweka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na sheria yake ilitungwa mwaka 2007. Kazi ya askari hao si kuzima moto tu. Huenda shuleni, sokoni, na hata katika viwanja vya makanisa, wakafundisha watu. Huwasha moto katika pipa, kisha humwita mama mmoja au kijana aje auzime mwenyewe kwa blanketi bichi au kwa mtungi wa kuzimia moto, ili mikono yake ijue kazi kabla ya siku ya hofu. Huwaonyesha watoto jinsi ya kutambaa chini ya moshi. Namba ya kuwaita ni 114, nayo haina malipo.

Lakini twasikia Wakristo wengine wakinung'unika. Wasema, "Mambo haya yana nini na Kanisa? Sisi twamtumaini Bwana, yeye atulinda." Neno hili si jipya. Mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg, na Daktari Martin Luther akaandika waraka kwa wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo aweza kukimbia mauti. Katika waraka ule aliwakemea watu waliodharau dawa na kujitia katika hatari kwa kusema ya kuwa Mungu atawalinda. Aliifananisha tauni na moto: nyumba ikiwaka mjini, nani atasimama kando akiuacha mji wote uungue, kisha aseme ya kuwa Mungu akipenda ataulinda bila maji? Huko si kumtumaini Mungu, bali ni kumjaribu. Ndivyo Shetani alivyomshauri Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, ajitupe chini na kuwangojea malaika, naye Bwana akakataa.

Tena Zaburi ya 127 yafundisha ya kwamba mlinzi wa mji akesha bure kama Bwana haulindi. Lakini haimwambii mlinzi aende kulala. Na Katekisimo Ndogo, katika amri ya tano, yatufundisha ya kwamba haitoshi kutomwua jirani; yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Kumbe basi, kuusogeza mshumaa mbali na kitanda cha mtoto ni kuitimiza amri ya tano. Haya ni mambo ya Kanisa.

Basi na tuseme waziwazi ukingo wa nyumba zetu ni upi.

Kwanza, taa na mshumaa. Visiwekwe karibu na chandarua, pazia, magodoro wala vitabu. Visimame juu ya kitu kisichowaka, mahali ambapo mtoto hafiki, tena vizimwe kabla watu hawajalala. Koroboi isitiwe mafuta ikiwaka, wala petroli isichanganywe kamwe na mafuta ya taa. Viberiti viwekwe juu.

Pili, jiko la mkaa. Usilale nalo katika chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala wala haamki. Nyumba haiungui, ukuta hauna alama, lakini jamaa nzima yaweza kukutwa wamekufa asubuhi.

Tatu, gesi. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kusudi ili tuitambue ikivuja. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujikusanya chini. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, ama kuwasha ama kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watu nje. Mpira wa gesi na ujaribiwe kwa povu la sabuni: povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi yavuja. Mtu asijaribu kwa moto.

Nne, umeme. Waya uliochubuka si wa kufungwa kwa kitambaa; mwite fundi anayejua kazi. Usirundike vyombo vingi katika tundu moja, na pasi isiachwe peke yake. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima swichi kuu kwanza ukiweza kuifikia bila hatari.

Tano, mafuta yakiwaka katika kikaango, usimwage maji, kwa maana maji huyarusha mafuta na moto pamoja. Zima jiko, funika kikaango kwa kifuniko, ukiache mpaka kipoe.

Sita, njia ya kutoka. Nyumba nyingi za leo zina nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa ajili ya wezi. Twamzuia mwizi asiingie, na papo hapo twajizuia wenyewe tusitoke. Ufunguo na uwe na mahali pake karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba apajue gizani, hata mtoto na bibi mzee. Chagueni mti au mahali pa kukutania nje, ili mhesabiane. Na aliyekwisha kutoka asirudi kwa ajili ya mali. Moshi huua mara nyingi kabla ya moto. Apitaye ndani yake na atambae, maana hewa ya kuvuta iko chini.

Saba, nguo ikimshika mtu moto, asikimbie, kwa kuwa upepo huuchochea. Asimame, ajilaze, ajiviringishe, au afunikwe blanketi zito. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha aende hospitali. Msipake dawa ya meno, wala unga, wala samli, wala msipasue malengelenge.

Haya ndiyo machache ya nyumbani. Liko na neno juu ya hao askari wenyewe. Mara nyingi wafikapo wamechelewa hupokewa kwa matusi, na hata kwa mawe. Twajua uchungu wa mtu aonaye mali yake ikiteketea. Lakini tujiulize: Je, waliitwa upesi, au watu walikimbilia kwanza kutazama? Je, aliyepiga simu alisema jina la mtaa na alama ya mahali, au alipiga kelele akakata? Je, njia ilikuwa wazi, au vibanda na magari viliifunga? Tena wako watoto, na watu wazima pia, wapigao namba ile kwa mchezo. Mchezo huo waweza kumwua mtu asiyeonekana, upande wa pili wa mji. Wazazi, wafundisheni watoto wenu ya kwamba huo ni uongo wenye damu.

Na ninyi mkaao vijijini, ambako gari la zimamoto li mbali, jirani ndiye zimamoto wa kwanza. Ndoo za mchanga, pipa la maji na ngazi moja si gharama kubwa kwa nyumba kumi zikishirikiana.

Waalimu, wainjilisti na wazee wa kanisa, neno hili lawahusu ninyi zaidi. Mwingiapo nyumbani mwa watu kuwatembelea wagonjwa, macho yenu huona mengi. Mkiona koroboi chini ya chandarua, semeni kwa upole kabla ya kuomba, kisha ombeni. Mkiwa na nyumba ya kulala wanafunzi, kageni mlango wake usiku wenyewe, muone kama wafunguka kwa ndani. Angalieni na nyumba ya Mungu: mishumaa ya madhabahuni na ya Krismasi isiachwe bila mtu, na milango yote ifunguliwe wakati wa ibada kubwa, usiwe mmoja tu. Waiteni askari wa zimamoto waje siku moja baada ya ibada, na mchungaji awe wa kwanza kuushika mtungi ule, ili watu wasidhani ya kuwa ni mchezo wa watoto.

Wapendwa, hata baada ya kujenga ukingo mtu aweza kuanguka, na hata nyumba yenye ulinzi yaweza kuungua. Siku hiyo tutalia pamoja na wanaolia, nasi tutamwendea Mungu ambaye hakumwacha Mwana wake kaburini. Tutamlilia kwa dhamiri iliyo safi, kwa kuwa kazi aliyotupa tuliifanya. Lakini yule ambaye mtoto wake amelala salama usiku wa leo, kwa sababu mshumaa ulizimwa, hatajua kamwe ni msiba gani uliompita. Ulinzi wa Mungu ni wa namna hiyo mara nyingi: hupita kimya, tena hupita katika mikono yetu.

Basi usiku huu, kila mwenye nyumba akiisha kuwaombea wa nyumbani mwake, na asimame, azunguke, atazame jiko, taa na mlango. Kisha alale kwa amani. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote, na juu ya nyumba zenu. Amin.