Je, Mchezaji Anayehama ni Msaliti?

Jumapili moja baada ya ibada tuliwakuta vijana wa kwaya wakibishana nje ya kanisa. Mchezaji waliyempenda alikuwa ameiacha Dodoma Jiji na kwenda timu nyingine, nao wakamwita msaliti. Tulitaka kuwakemea, lakini kwanza tukanyamaza, maana neno hilo hilo sisi wenyewe tuliwahi kulitamka.

Tulilitamka juu ya mlinda mlango Juma Kaseja. Wengi watakumbuka mwaka 2003, Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kule Cairo. Langoni alikuwa yeye, kijana wa miaka 18. Baadaye akaenda Yanga, akarudi Simba, na mwaka 2013 Simba ilipoachana naye akaingia Yanga tena. Desemba ya mwaka huo Simba iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 naye akiwa langoni. Sisi tuliokuwa dukani tukisikiliza redio tulisema hayo ndiyo malipo ya kuhamahama. (Sisi ni wa upande gani hatusemi. Mchungaji anajua, yatosha.)

Kisha akadakia Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, na watu wakasema amekwisha. Lakini mwaka 2019, akiwa na miaka 34, aliitwa tena Taifa Stars. Mwezi Septemba, Dar es Salaam, mechi na Burundi ikaamuliwa kwa penalti. Burundi hawakupata hata moja, tukashinda 3 kwa 0. Siku ile hatukumsikia mtu akihesabu klabu alizopitia.

Nasi tumehama pia. Tulipomaliza chuo cha ualimu Mpwapwa tulipelekwa Kondoa, kisha Kongwa, kisha Manyoni. Kila mara barua ilikuja, tukafunga godoro juu ya lori, na wanakijiji wakatuaga kwa kuku na karanga. Mara moja tu tuliomba uhamisho wenyewe, kwa kuwa mama yetu alikuwa mgonjwa. Safari hiyo hakuna aliyetuaga. Basi tukaona kwamba watu hawachukizwi na kuhama kwenyewe. Huchukizwa mtu anapojichagulia. Klabu ikimwacha mchezaji huitwa usajili, mchezaji akiiacha klabu huitwa usaliti. Kwa maoni yetu hiyo si haki. Mguu wa mchezaji ndio shamba lake, na shamba hilo huchoka mapema.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba kuhama hakumwumizi mtu. Siku tuliyoondoka kwa kuomba wenyewe, mtoto mmoja wa darasa la sita alituuliza ni nani atakayewamalizia hesabu za sehemu. Tulikuwa na haki ya kwenda, na bado hatukuwa na la kumjibu. Pengine deni la mtu ni kwa wale walio mbele yake, wakati wote awapo mbele yao, asiwape kazi ya nusu kwa kuwa moyo umekwisha panda basi.

Kwa hiyo vijana wale tuliwauliza jambo moja tu: alipokuwa hapa, je, mliwahi kumwona akicheza kivivu pale Uwanja wa Jamhuri? Walitazamana. Mmoja akasema, "Hapana, Mwalimu. Hata mechi ya mwisho alitoka uwanjani akichechemea."

Kisha wakaingia ndani kufanya mazoezi ya nyimbo.