Je, Ni Halali Kumdanganya Mtoto ili Picha Ipendeze?



Kila baada ya ubatizo au arusi, nje ya kanisa letu huonekana jambo lile lile. Jamaa yote hupangwa kwenye ngazi: wazee mbele vitini, wazazi nyuma yao, vijana juu, na watoto wadogo chini mkekani. Mpiga picha huinua mkono, watu hunyamaza, na papo hapo mtoto mmoja huinuka akaenda zake. Wengi wetu hucheka, yakaisha. Lakini hivi karibuni lilitukia jambo lililotufanya tuulizane swali lisilo la kuchekesha.

Jamaa hiyo walikuwa watu 23. Bibi yao, aliyesafiri kwa basi siku nzima, alikaa katikati. Mjukuu wake wa miaka 3 alikataa katakata kusimama. Aliahidiwa peremende, akalia. Alitishwa kwa sindano ya daktari, akalia zaidi. Mwisho mjomba wake akamwambia, "Tazama hapa, ndege atatoka ndani ya kamera." Mtoto akanyamaza, akakodoa macho, picha ikapigwa. Kisha akauliza, "Ndege yuko wapi?" Watu wazima wakaangua kicheko. Jioni ile mjomba alipomwita aje kupewa chungwa, mtoto hakwenda. Alimgeukia bibi yake akauliza, "Ni kweli, au ni kama ndege?"

Swali hilo limetukaa moyoni.

Tusiharakishe kumlaumu mjomba, kwa maana anayo hoja. Bibi ni mzee, na hakuna ajuaye kama jamaa yote itakusanyika tena. Picha hiyo itakuwa ukutani hata sisi tutakapokuwa tumeondoka. Tena mtoto hana budi kujifunza kwamba yako mambo tunayoyafanya kwa ajili ya wengine; wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wala hila ya ndege si ya mjomba peke yake. Wapiga picha wa zamani huko Ulaya na Marekani walikuwa na ndege wa kuchezea, waliyemwinua juu ili watoto watazame upande mmoja. Ila angalieni tofauti: mtoto wa siku zile aliambiwa atazame ndege, na ndege alikuwapo, japo wa bandia.

Kwa hakika kazi hii ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Louis Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha huko Paris mwaka 1839, ilimbidi mtu atulie kwa dakika kadhaa. Hata muda huo ulipopunguzwa, mtoto akitikisika sura yake ilikuwa kama ukungu. Basi huko Uingereza na Marekani ikawa desturi mama kufunikwa shuka au pazia, akamshika mtoto kutoka chini ya kitambaa. Picha hizo zipo hata leo: mtoto ametulia, na nyuma yake liko umbo la mtu aliyefunikwa kana kwamba ni kiti. Mama alifichwa ili mtoto aonekane. Je, sisi wa leo twaficha nini? Pengine twamficha mtoto mwenyewe, tukaonyesha mtoto mwingine atupendezaye.

Enzi za filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 12 au 36, na kila moja ililipiwa. Leo simu hupiga picha nyingi bila gharama ya mkanda. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walipata tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wao walikadiria ni picha ngapi zipigwe ili ipatikane moja isiyo na mtu aliyefumba macho. Watu wakiwa chini ya 20 na mwanga ni mzuri, gawa hesabu yao kwa 3. Mwanga ukiwa hafifu, gawa kwa 2. Kwa watu 18, basi, ni picha 6 au 9. Hesabu hiyo yafaa, lakini ni ya kupepesa macho tu. Hiari ya mtoto haimo ndani yake.

Sisi twaona mambo mawili yatenganishwe. Kumtaka mtoto atulie kidogo kwa ajili ya bibi yake ni haki, na ni malezi. Kumtaka aonyeshe furaha asiyo nayo, au kuipata kwa uwongo, ni jambo jingine. Mtoto wa miaka 3 hana njia ya kuujua ulimwengu ila maneno yetu. Tukiyaharibu maneno hayo kwa ajili ya dakika moja, tumetoa kitu cha thamani kuliko picha. Siku tutakapomwambia, "Usivuke barabara," au, "Mungu anakupenda," atayapima kwa kipimo kile kile.

Wala haihitajiki hila kubwa. Mtoto apigwe picha akiwa amekula na amelala. Watu wazima wapangwe kwanza, na wadogo waitwe mwisho, wasichoke kungoja juani. Aliye mdogo kabisa apakatwe na mtu anayemwamini. Mpiga picha apige magoti, awe usawa wa macho yao, apige haraka mara kadhaa, kisha awaachilie. Akilia, na alie. Hata kilio ni habari ya siku ile.

Jamaa ile walipiga picha 8. Katika iliyo bora kwa wote, mtoto amegeuka nyuma, anavuta kitenge cha bibi. Kijana mmoja akataka kuchukua kichwa chake katika ile picha ya ndege, akibandike hapo kwa simu. Wengine wakakubali, maana ni mtoto yule yule. Bibi akakataa. "Hapa alikuwa ananitafuta mimi," alisema. "Pale alikuwa anamtafuta ndege ambaye hakuwapo. Nipeni hii."

Ndiyo iliyotundikwa. Na mjomba, twafurahi kusema, alimwita mtoto siku ya pili, akamwambia wazi kwamba ndani ya kamera hamkuwa na ndege, na kwamba alikosea. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akaliomba lile chungwa.