MKATE NI OMBI LA NNE



Kijana mwenzangu, leo tuanze na kitu ambacho wote tunakijua kwa kichwa: sala ya Baba Yetu. Tulifundishwa nyumbani kabla hata ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tunaisali kwenye Misa, kwenye rozari, kwenye jumuiya, na hata dakika mbili kabla ya mtihani. Lakini umewahi kuhesabu maombi yaliyomo ndani yake? Kanisa linahesabu saba. Sasa hesabu tena taratibu, uangalie mkate umeangukia wapi. Ni ombi la nne. Kabla ya hapo tunaomba juu ya jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake. Ndipo tunafika kwenye riziki.

Je, mpangilio huu umetokea tu kwa bahati? Mt. Thoma wa Akwino anasema hapana. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba sala hii haituonyeshi tu mambo ya kuomba, inatuonyesha pia utaratibu wa kuyatamani: lipi lianze na lipi lifuate. Yaani Baba Yetu ni shule ya matamanio. Sasa swali letu la leo ni hili: ukichukua wiki yako nzima, muda wako, pesa yako na yale unayoyawaza kabla ya kupata usingizi, mkate uko wa ngapi?

Tamaa siyo adui, mbele ndiyo shida

Kuna watu wakisikia mada kama hii wanafikiri wataambiwa waache kutaka vitu. Waache kutaka kazi nzuri, nyumba, simu nzuri, mchumba. Hapana. Angalia hata lugha yetu inavyosema. Mtu mlafi wa mali tunasema "ana tamaa", na hilo ni tusi. Lakini mtu aliyefika mwisho, asiyeona tena sababu ya kuamka asubuhi, tunasema "amekata tamaa", na huyo tunamwonea huruma. Neno ni lile lile. Kiswahili kinajua kwamba binadamu asiye na tamaa hata moja ni mgonjwa. Mungu ndiye aliyetuumba tukiwa na njaa, kiu, hamu ya kupenda na kupendwa. Hakukosea.

Wahenga nao walipotuonya hawakusema tamaa ni mauti. Walisema *tamaa mbele, mauti nyuma*. Uzito wa methali hiyo uko kwenye neno "mbele". Tamaa ikikaa mahali pake inakusaidia kuishi. Ikitangulia, wewe unageuka mfuasi wake.

Mt. Agostino aliliona jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kwake yeye, fadhila ni upendo uliopangwa vizuri. Alitenganisha vitu vya kutumia na kile cha kukifurahia kama mwisho wa safari. Chombo cha usafiri unakitumia. Nyumbani ndiko unakotaka kufika. Mtu anayenogewa na basi hadi akapitiliza kituo cha kwao amepotea, hata kama basi lenyewe ni zuri na halina kosa lolote. Vitu vya dunia ni vizuri, lakini ni basi. Mungu ndiye nyumbani.

Kumtanguliza mkate ukiwa umepiga magoti

Sasa hapa tuwe makini, maana wengi wetu tukisoma habari za kumweka Mungu nyuma, tunamfikiria mtu mwingine: yule aliyeacha kusali, yule wa baa Jumapili asubuhi, yule anayeshinda anachungulia mkeka wake wa kubeti. Ni kweli hao wapo. Lakini kuna namna nyingine iliyojificha zaidi, na inatupata hasa sisi tunaosali. Ni kumfanya Mungu kuwa njia ya kupata kile tunachokitaka kweli.

Mtu anaanza novena kwa sababu anatafuta kazi. Ni jambo jema kabisa, Mungu ni Baba na tunaruhusiwa kumwomba. Lakini jiulize: kazi ikipatikana, sala inaendelea? Na isipopatikana, imani inabaki? Kama majibu yote mawili ni hapana, basi kazi ndiyo iliyokuwa mungu, na Mungu alikuwa dalali. Vivyo hivyo kwa anayetoa sadaka akihesabu itarudi mara ngapi, na anayebadilisha makanisa akitafuta mahali ambapo muujiza unatoka haraka. Maneno yote ni ya dini, ila mpangilio umepinduliwa. Ombi la nne limepanda juu, na yale matatu ya kwanza yamegeuzwa kuwa salamu za kumlainisha Mungu kabla ya kusema shida.

Agostino, akihubiri juu ya Zaburi, aliwauliza waamini wake swali la kutisha kidogo. Tuseme Mungu anakuja kwako na kukuambia: nakupa kila kitu unachokitaka, mali, afya, maisha marefu, hakuna atakayekuzuia; ila uso wangu hutauona kamwe. Ungekubali? Ukihisi moyo unastuka na kukataa, basi shukuru, maana hapo ndani kuna upendo wa kweli kwa Mungu. Ukihisi unaanza kupiga hesabu, basi umejua kazi iko wapi.

Mfano ulio karibu nasi: ndoa inayosubiri ukumbi

Tuache nadharia kidogo. Kuna hali ambayo kila parokia inaijua: vijana wawili Wakatoliki, wanapendana kweli, hawana kizuizi chochote, wanaishi pamoja mwaka wa tatu sasa. Mitaani tunaita "sogea tukae". Ukiwauliza kwa nini hawafungi ndoa, hawasemi kwamba hawaamini sakramenti. Wanasema: "Frateri, bado tunajipanga." Kujipanga maana yake ni ukumbi, mapambo, MC, suti, gauni, keki, kamati na vikao vya michango.

Sasa tuulize: Kanisa linadai nini ili ndoa ifungwe? Linadai wawili walio huru, ridhaa yao, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili, pamoja na mafundisho na matangazo ya kawaida. Ukumbi haumo. Keki haimo. Maana yake vijana hawa wanakaa miaka bila Komunyo Takatifu, wanabaki kwenye benchi wenzao wakipanda kupokea, na kinachowazuia siyo sheria ya Kanisa wala kukosa imani. Kinachowazuia ni sherehe ya usiku mmoja. Mkate wa uzima unasubiri keki.

Nisieleweke vibaya. Sherehe siyo dhambi. Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwahubiria wafunge, aliwaongezea. Na najua shinikizo haliko kwa vijana peke yao. Mzazi anasema: "Mimi nimechangia harusi za watu miaka ishirini, leo mwanangu aoe kimya kimya? Watu watatuonaje?" Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu michango kwetu ni undugu, siyo pesa tu. Lakini hebu tusikilize sentensi ya mwisho: watu watatuonaje. Hapo ndipo macho ya watu yametangulia macho ya Mungu. Dawa yake siyo kufuta sherehe, ni kurudisha mpangilio: sakramenti kwanza, sherehe ije uwezo ukiwepo. Ziko parokia zinazofungisha ndoa za pamoja kwa sababu hiyo hiyo. Kama uko kwenye hali hii, nenda ukaongee na paroko wako. Hakusubiri na fimbo.

Kwa nini vitu havishibishi

Mt. Thoma ana maelezo mengine yanayotusaidia kuelewa kwa nini mkate ukitangulia hatutulii. Anagawa mali katika aina mbili. Kuna mali ya asili: chakula, mavazi, makazi. Tamaa ya hiyo ina kikomo, kwa sababu mwili wenyewe una kikomo. Ukishiba ugali, hata uletewe mwingine wa bure unausogeza pembeni. Kuna pia mali ya kutengenezwa na watu, kama pesa, na tamaa yake haina breki. Hakuna mahali ambapo pesa inasema "sasa imetosha".

Thoma aliandika hayo karne ya 13, hajaona simu. Lakini ongeza hapo idadi ya wafuasi mtandaoni, like, na kutazamwa. Tumbo linajaa, namba haijai. Tena anasema kitu cha dunia tukishakipata huwa tunakidharau na kutaka kingine. Kwa Mungu ni kinyume: kadiri mtu anavyompata ndivyo anavyozidi kumpenda. Ndiyo maana simu uliyoililia mwaka juzi leo unaiona mzigo, na bibi aliyesali rozari miaka sitini bado anaipenda.

"Frateri, wewe unalishwa na Kanisa"

Najua kuna anayesoma hapa na kusema moyoni: "Wewe uko seminarini, ugali unaukuta mezani. Mimi nina kodi ya chumba, wadogo zangu wanasubiri ada, na cheti changu cha chuo kina vumbi. Mkate kwangu siyo tamaa, ni dharura." Hoja hii ni ya haki na haistahili kujibiwa kwa mahubiri mepesi.

Kwanza, Yesu hakuutoa mkate kwenye sala. Ni wa nne, lakini umo. Mwenye njaa akitafuta chakula hajamweka Mungu nyuma. Kanisa linajua hilo: muuguzi aliye zamu, mlinzi getini, anayemhudumia mgonjwa, hawa wakikosa Misa kwa sababu ya wajibu mzito hawatendi dhambi, ingawa wanaitwa kutafuta nafasi nyingine ya kukutana na Bwana.

Pili, mpangilio haupimwi kwa saa ulizosali. Unapimwa kwenye njia panda, pale ambapo mkate na mapenzi ya Mungu vinavutana, na unaweza kushika kimoja tu. Hapo maskini na tajiri wako sawa. Yule kijana tajiri wa Injili (Mk 10:17-22) alikuwa ameshika amri tangu utoto. Alikuwa mtu wa kusali. Lakini alipofika njia panda, aliondoka kwa huzuni, maana alikuwa na mali nyingi.

Kuna kijana mwingine aliyefika njia panda hiyo, naye ni wa kwetu kabisa, wa huko Goma, Kongo. Anaitwa Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akapata kazi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alikuwa mwanajumuiya wa Mt. Egidio na aliwasaidia watoto wa mitaani. Kwenye kazi yake aliletewa pesa aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, huko Roma.

Fikiria vizuri. Floribert hakukimbia dunia. Alikuwa na kazi, mshahara na mipango ya maisha kama mimi na wewe. Alitaka mkate. Lakini mkate huo ulipodai apite juu ya afya za watu wasiomjua, watu ambao Mungu anawapenda, alijua upi ni wa kwanza na upi ni wa nne. Wala hakulijua hilo siku ile tu. Mtu hawi na mpangilio siku ya rushwa, anafika nao.

Tufanye nini?

Nakuachia mambo matatu ya wiki hii.

Moja, angalia ni kipi unachoahirisha kwa ajili ya kipi. Kama Misa, kitubio na sala ndivyo vinavyosogezwa kila ratiba ikibana, na mechi haijawahi kusogezwa hata siku moja, umeshapata jibu lako bila kumuuliza padre.

Mbili, katika sala zako za jioni, anza dakika tano bila kuomba kitu. Mshukuru, msifu, nyamaza mbele yake. Kisha peleka shida zako zote, tena bila aibu.

Tatu, sali Baba Yetu moja kwa siku polepole sana. Ukifika kwenye mkate, simama, ujiulize kama yale matatu uliyoyapita uliyataka kweli au uliyasema tu ili ufike hapo.

Mungu hatuombi tuache kuutamani mkate. Anajua tunauhitaji, na ndiye aliyetufundisha kuuomba. Anataka tu tuuombe tukiwa watoto walioketi karibu na Baba, siyo wateja waliopanga foleni dirishani.

Mwenyeheri Floribert, utuombee. Bikira Maria, Mama wa Kana, utuombee. Amina.