Tamthilia za Zamani na Safari za Anga

Wapo wanaodhani kutumiana mtandaoni vipande vya tamthilia za zamani za anga ni kupoteza muda. Historia inawakatalia. Mwaka 1976, barua za mashabiki wa tamthilia ya Star Trek ziliifanya Marekani ikiite chombo chake kipya cha anga Enterprise, kama kile cha tamthilia hiyo. Ni kweli, chombo hicho hakikuwahi kufika anga za juu, na ushabiki peke yake haurushi roketi. Lakini mwaka 1977 Nichelle Nichols, aliyeigiza kama Uhura katika Star Trek, alianza kuisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga. Mae Jemison, aliyevutiwa na Uhura tangu utotoni, aliruka mwaka 1992, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Basi ukimtumia kijana tamthilia, mtumie pia picha halisi za darubini ya James Webb.