Kupokea Habari Njema ya Mwenzio

Walituania ni taifa la Ulaya likaalo kando ya bahari ya Baltiki, nao wengi wao ni wakatoliki. Katika lugha yao liko neno moja linalostahili kufikiriwa. Mtu akileta habari njema, kwamba amepata mtoto au amefaulu mtihani, mwenzake hujibu: «Sveikinu!» Sisi tungesema: «Hongera!» Lakini neno lao limetoka katika «sveikas», maana yake mzima, mwenye afya. Kwa neno hilohilo husalimiana njiani, kama sisi tuulizavyo: «U mzima?» Hata Salamu Maria yao huanza: «Sveika, Marija». Basi ampongezaye mwenziwe kwa Kilituania ni kama anamtakia uzima, yeye pamoja na jema alilolipata.

Je, ni jambo jepesi? Wazee husema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo ni kweli, lakini mimi naona imesema nusu tu. Kwenye kilio jirani wote hufika, hata wenye ugomvi. Kwani aliaye ameketi chini, nasi tumesimama. Kumhurumia hakutupunguzii kitu. Lakini mtoto wa jirani akipata diploma, utasikia: «Vema. Na malipo ya masomo, nani alimtolea?» Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kijicho ni huzuni kwa ajili ya mema ya mwingine, kana kwamba mema yake yanapunguza yetu. Mwenye kijicho hataki jema la mwenziwe libaki zima.

Lakini kuna neno gumu zaidi: habari njema ikitoka kinywani mwa yule aliyekukosea, utaipokeaje?

Walituania waliyaona hayo. Chini ya utawala wa Warusi wa Kikomunisti, mapadri wengi walipelekwa Siberia, na katedrali ya mji wa Vilnius ilifungwa. Mwaka 1956 ikafanywa nyumba ya kuonyeshea picha. Tangu 1972 hata 1989 waamini waliandika kwa siri gazeti lao, Kronika ya Kanisa Katoliki ya Lituania, na karibu yote yaliyomo yalikuwa habari za taabu: nani amekamatwa, mtoto gani amedhihakiwa shuleni kwa sababu ya kusali. Kisha, tarehe 22 Oktoba 1988, katika mkutano mkubwa wa chama cha Sąjūdis, Algirdas Brazauskas alitangaza kwamba katedrali itarudishwa. Na huyo Brazauskas ni nani? Ndiye mkubwa wa Wakomunisti wa Lituania, aliyechaguliwa siku mbili tu kabla.

Mwamini angaliweza kusema: «Mali ni yetu, mliichukua kwa nguvu. Tufurahie nini?» Naye angalisema haki, maana kurudisha kitu kilichonyang'anywa ni kulipa deni, si kutoa zawadi. Lakini kesho yake asubuhi Kardinali Vincentas Sladkevičius, ambaye serikali ilimzuia kazi yake ya uaskofu zaidi ya miaka 20, alisoma Misa mbele ya katedrali, watu wengi wakisimama nje uwanjani. Hawakungoja hesabu imalizike kwanza.

Tusichanganye mambo. Furaha hutazama jema lenyewe. Shukrani humtazama mtoaji. Haki hutazama deni. Yote matatu yaweza kukaa katika moyo mmoja bila kupigana. Ndugu aliyekudhulumu shamba akibatiza mtoto wake, waweza kumwambia «Hongera» bila kusema kwamba shamba limekwisha kulipwa.

Wengine huuliza: kumpongeza mtu huku moyo ni mzito, si uongo? Ningekuwa mwongo kama neno hilo lingekuwa taarifa ya moyo wangu. Kumbe ni matakio: nakutakia jema lako libaki zima. Na kutaka ni kazi ya nia. Moyo waweza kuchelewa nyuma, kama mzee anayepanda mlima.

Yule mwana mkubwa wa Evanjili alisikia ngoma nyumbani akakataa kuingia. Manung'uniko yake yalikuwa na ukweli, kwani alikuwa ametumika miaka mingi, na baba hakumwita mwongo. Alimtokea nje, akamsihi.