Walijua Waliochota Maji



Jumapili iliyopita, baada ya Misa katika kigango kimoja upande wa Hombolo, mzee wa kigango alituwekea mezani chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. "Onja jasho letu, Baba Paroko," alisema. Ulikuwa mvinyo wa bei nafuu, ambao hata fundi mwashi anaweza kuununua siku ya ubatizo wa mtoto wake bila kukopa.

Nikaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa ya zambarau zilizoiva hadi karibu kupasuka. Nikanusa: tunda, pilipili manga kidogo, na kwa mbali kama moshi wa kuni. Kisha nikapiga funda moja na kuliacha likae mdomoni. Mvinyo huu haumbembelezi mtu. Uchachu ulitangulia, halafu ukakasi ukashika ulimi na ufizi, ule ule anaoujua kila aliyewahi kutafuna bibo. Nikala kipande cha mbuzi wa kuchoma, nikaonja tena. Mafuta ya nyama yaliulainisha ukakasi, na tunda likajitokeza lote. Nilimwambia mzee ukweli wangu: ni mvinyo mzuri.

Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Ukikamua zabibu nyekundu za kawaida, maji yake hutoka karibu meupe. Wekundu umo kwenye ganda. Kwa hiyo mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa zake kwa siku kadhaa, na kila maganda yanapopanda juu, mtu huyasukuma chini tena. Rangi na ukakasi hutoka humo humo, na ukakasi huo husaidia mvinyo usiharibike mapema.

Mizabibu yenyewe ilifika Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, huko Bihawana, katika miaka ya 1950. Leo aina inayojulikana zaidi kwa mvinyo mwekundu imechukua jina la Makutupora, bonde lile lile ambalo visima vyake vya Mzakwe vinaunywesha mji wa Dodoma. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu haulali. Mkulima huukata matawi kwa kuhesabu miezi, ukachipua upya, naye akavuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Wageni husikia hayo wakasema tumebarikiwa, na ni kweli. Lakini mavuno mawili maana yake ni kupogolea mara mbili, kupiga dawa ya ubwiri unga mara mbili, na kubeba kreti juani mara mbili.

Nilipokuwa nikimsikiliza, nilirudi kwa mawazo kwenye arusi ya Kana ya Galilaya. Tumezoea kuhubiri muujiza wa maji kugeuka divai katika mitungi sita ya mawe, na ulikuwa mkubwa: kwa kipimo anachokitaja Yohane, ni karibu lita 500 hadi 700 za divai. Lakini katika sura ya pili ya Injili yake, mstari wa tisa, kuna maneno machache tunayoyapita mbio. Mkuu wa meza alionja, akasifu, wala hakujua divai imetoka wapi. Waliojua ni watumishi, wale waliochota maji na kujaza mitungi hadi juu. Bwana angeweza kuijaza mitungi mwenyewe. Alipenda kuipitisha kazi yake mikononi mwao, na wao wakaijua siri kabla ya bwana arusi na wageni wake wote.

Mimi nimekuwa mkuu wa meza kwa miaka mingi, ndugu zangu. Sheria ya Kanisa inataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika. Nimeichunguza sakristia kwa uangalifu kama ipasavyo. Na kila Misa, ninapoandaa dhabihu, namtajia Mungu mzabibu na kazi ya mikono ya watu kwa pumzi moja. Mikono hiyo sikuwa nimeitazama. Jumapili niliitazama: ya mzee ilikuwa na makovu ya waya za mizabibu, na kucha zilikuwa bado na weusi wa maganda.

Akanisimulia pia msimu mmoja ambao mnunuzi waliyeahidiana naye alichelewa kuja. Vichala vilianza kuozea mtini. Baadhi yao waliuza kwa bei ya kutupa, wengine wakakamua wenyewe na kubaki na mapipa ya mchuzi wa zabibu usio na mteja. Mwaka huo watoto wawili wa mzee huyu walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana.

Najua wako kati yenu wasiokunywa kabisa, na nyumba ambazo pombe imeleta vipigo na njaa. Siwasukumi kwenye glasi. Aliyejizuia kwa ajili ya familia yake amefanya tendo takatifu. Ninachowaomba ninyi mnaokunywa ni kiasi, na kabla ya funda la kwanza, sala fupi kwa ajili ya aliyechuma.

Na wewe unayenunua zabibu, ambaye huenda tunasali pamoja kila Jumapili: fika siku uliyoahidi, na umlipe mkulima kabla hajashika tena mkasi wa kupogolea.