Mwindaji wa Ndege na Furaha Yake

Katika bonde la Ruzizi, tangu Uvira hata Luvungi, hakuna amlaumuye mtu aliyeua kanga kwa sababu ya njaa. Njaa haihitaji wakili. Lakini yuko mtu wa namna nyingine, naye ndiye aletaye maneno. Huyu ana kazi yake na mshahara wake. Sokoni ndagala hawakosekani, wala mikeke wa kuchoma. Hata hivyo siku ya mapumziko huamka jogoo wa kwanza, humpigia mbwa wake mluzi, akaenda zake majanini pasipo rafiki, kumtafuta kwale mmoja ambaye nyama yake haiwatoshi watu wawili. Akirudi jioni, miguu imechanwa na nyasi, lakini uso wang'aa kama wa mtu aliyetoka arusini. Jirani zake huulizana: Huyu anafurahia nini? Ikiwa nyama ile hakuihitaji, basi amefurahia kifo cha ndege. Na mtu afurahiaye kifo, je, moyo wake u salama?

Swali hilo si la kitoto, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba Mwenyezi Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya ndege wa angani. Mamlaka alipewa, ni kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yakubali kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Lakini papo hapo yafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu. Msomaji aangalie vema: heshima ya mtu, siyo ya ndege peke yake. Basi neno zito hapa ni “haja”, na mwenye kuwinda kwa furaha aonekana kama anayekiri kwa kinywa chake kwamba haja hana.

Kwanza yafaa kuijua furaha hiyo imefanyika kwa vitu gani, maana wengi waihukumuo hawakuionja kamwe. Mwindaji wa pekee huingia majanini kabla jua halijapanda juu ya milima ya Burundi. Umande humlowesha hata magotini. Kwale ana desturi ya kulala chini kimya. Rangi yake ni rangi ya nchi, na mtu aweza kumpita kwa hatua mbili asimwone. Hapo macho ya mtu hayafai kitu. Ajuaye ni mbwa, kwa pua yake. Mahali pengi katika Kongo mbwa wa asili, asiyebweka sana, hufungwa njuga ya mti shingoni, na bwana wake humfuata kwa sikio: njuga ikilia upesi upesi, mbwa anatafuta; ikipunguza mwendo, amepata harufu; ikinyamaza, mtu naye huzuia pumzi. Kisha kwale huruka kwa kishindo cha mabawa ambacho humshtua hata mzee aliyewinda maisha yake yote. Kanga nao wana tabia yao. Mtu akiwafuata, hukimbia kwa miguu wakamchosha. Lakini mbwa akiwafukuza, huruka mtini, wakakaa matawini wakimtukana yule mbwa kwa kelele nyingi, hata wasimwone bwana wake anayenyemelea kutoka upande wa pili.

Saa ile mtu hana nafasi ya kukumbuka deni lake, wala ugomvi wa mpaka wa shamba, wala karo ya watoto. Mwili wote umekuwa sikio. Wako wanaothubutu kuilinganisha hali hiyo na sala. Hapo wametia chumvi, lakini ni kweli kwamba saa ambazo mtu mzima hujisahau kabisa ni chache, na hii ni mojawapo. Tena yupo yule mbwa. Viumbe wawili wa namna mbalimbali, wasio na lugha moja, wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana kile asichokuwa nacho mwenzake. Katika Maandiko Matakatifu mbwa hutajwa mara nyingi kwa dharau. Hata hivyo kitabu cha Tobiti chasimulia kwamba kijana Tobia alipoondoka kwenda safari pamoja na malaika, mbwa alifuatana nao, na waliporudi alikuwa nyuma yao. Kazi yake njiani haielezwi. Aliandamana nao tu, na mwandishi aliona jambo hilo lastahili kuandikwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, afundisha kwamba furaha haihukumiwi peke yake, bali pamoja na tendo lake: furaha ya tendo jema ni njema, furaha ya tendo baya ni mbaya. Basi ikiwa furaha ya mwindaji ni ile ya kutafuta, kungoja, kusikiliza na kushirikiana na mbwa wake, haina neno baya. Na kipimo kipo. Mwangalieni siku arudipo mikono mitupu. Kama amerudi na hasira, akimpiga mbwa teke na kumkaripia mke, basi alikwenda kwa ajili ya kuua. Kama amerudi amechoka, anacheka, tena anasimulia jinsi kwale alivyowadanganya wote wawili, basi furaha yake ilikuwa na mzizi mwingine.

Lakini mwenye akili atapinga upesi: Kama ndivyo, na aende na mbwa, asikilize, ajisahau, kisha amwache ndege aende zake. Kuna haja gani ya damu? Pingamizi hili ni zito kuliko lile la kwanza, na wawindaji wengi hawana jibu ila kucheka. Jibu lililo la kweli si tamu sana. Kutafuta kusiko na mwisho hugeuka matembezi; mtu huanza kutazama mawingu, naye mbwa, ambaye hadanganyiki, hurudi nyumbani. Usikivu ule mkali huzaliwa kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli, na ukweli wake ni chungu cha jioni. Ndipo yafuata kwamba chungu hakiwezi kuwa kisingizio. Ndege asiyekusudiwa kuliwa akiuawa, uwindaji wote wa siku ile umekuwa mchezo kwa uhai wa kiumbe kingine, hata kama furaha ilikuwa ileile na asubuhi ilikuwa nzuri vilevile.

Tena si haki kumwuliza mwindaji peke yake. Katika ziwa Tanganika, usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi huwaita ndagala, na wavu mmoja hupandisha samaki wasiohesabika. Hakuna amwulizaye mvuvi kama alifurahi au alihuzunika. Na mtego wa kamba, uliotegwa kando ya shamba la mihogo, hukamata ndege wakati mtegaji amelala kwake. Ndege hujinyonga polepole tangu usiku hata adhuhuri, na pengine mtegaji hakuja kabisa, kwa sababu alikwenda matangani. Mtego hauna furaha yoyote, lakini mateso yake ni makubwa kuliko ya mshale. Afurahiaye kuwinda hana budi kuwapo. Humwona ndege akianguka, humshika akiwa bado na joto, na kuona jicho linavyofunikwa. Wako watu ambao jambo hilo liliwafanya wapunguze kuwinda. Mtego haujawahi kumfundisha mtu kitu.

Kanisa lenyewe liliwaza juu ya jambo hili zamani sana, ingawa lilikuwa likisema na makleri. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza wote kuwinda, hata kufuga mbwa na ndege wa kuwindia. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917, katika kanuni ya 138, kilisema kwa upole zaidi: wasijitie katika uwindaji, na uwindaji wa makelele wasiufanye kamwe. Walimu wa sheria walitofautisha basi uwindaji wa makelele, wenye kundi la watu na mbwa wengi, na uwindaji wa kimya. Kitabu kipya cha mwaka 1983 hakiutaji tena uwindaji. Lakini tofauti ile ilikuwa na hekima. Katika makelele mtu huwinda mbele ya macho ya wenzake. Kila mmoja ataka kumpita mwingine, na ndege huwa hesabu. Yeyote aliyeona vijana wakichoma nyasi wakati wa kiangazi na kuuzunguka moto kwa rungu ajua kinachotokea: panya, mayai, vifaranga, kobe, vyote huangamia, na nusu yake hailiwi na mtu.

Aliye peke yake hana wa kumsifu. Hana wa kumwona pia, na jaribu lake liko hapo. Kanga aliyejeruhiwa ameingia matetini, jua linashuka, nyumbani ni mbali. Je, atamtafuta mpaka ampate, au atasema kwamba fisi naye ana haki yake? Hakuna shahidi ila mbwa. Kanga jike ametokea na vifaranga nyuma yake, karibu kiasi cha kumpiga kwa fimbo. Torati ya Musa haikuona haya kushughulikia jambo dogo kama hili: katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, akutaye kiota njiani aruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende. Na Walawi, sura ya 17, yamwagiza mwindaji kuimwaga damu ya mnyama au ndege na kuifunika kwa mavumbi. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtu wa kuangalia.

Siku hizi yako mambo mengine yamlazimuyo mwindaji kufikiri. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali. Tangu vita vya mwaka 1996 mtu mwenye bunduki katika bonde hilo hutia hofu kabla hajajieleza; heri upinde, wavu na mbwa. Tena si kila ndege ni wa kupigwa. Katika milima ya Itombwe, juu ya Uvira, mwaka 1951 alipatikana bundi ambaye wataalamu walikuwa hawajamjua. Hakushikwa mwingine mpaka mwaka 1996, naye aliachiliwa huru. Anayeua bundi kwa kuogopa uchawi haui kwa njaa wala kwa furaha, bali kwa woga, na huenda akawa amemwua mmoja katika wachache waliobaki.

Na wale shomoro wa Injili, ambao hata mmoja haanguki pasipo Baba kujua, walikuwa ndege waliokwisha kunaswa, wakiuzwa sokoni kwa fedha kidogo kuwa kitoweo cha maskini. Bwana hakuwakemea wauzaji. Alisema tu kwamba wanajulikana.

Jioni hubaki shauri la fungu la mbwa. Nyumba nyingi humtupia mifupa baada ya chakula, na hilo ni kosa, maana mfupa wa ndege uliopikwa huvunjika vipande vikali vikamchoma kooni au tumboni. Mwindaji mwangalifu humpa maini na moyo palepale majanini, mapema, kabla ya kufika nyumbani, ambako watoto wamekwisha kugawana mapaja kwa maneno.